Vituo vya Sanaa vya Jangwani: Jinsi Mafundi wa Alice Springs Wanavyouza Zawadi Zilizo Zao

Katikati ya bara la Australia, mahali ambapo mtu akitazama pande zote nne huona mchanga mwekundu, majani makavu na vilima vya mawe, uko mji uitwao Alice Springs. Wenyeji wake wa asili, Waarrernte, huuita Mparntwe. Wakazi wake ni watu wapatao 25,000. Kutoka hapo hadi Darwin, mji wa pwani ya kaskazini, ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,500, na kwenda Adelaide katika pwani ya kusini ni mwendo karibu sawa na huo. Mto Todd upitao mjini huwa mkavu karibu mwaka mzima, hata wakazi wamezoea kufanya mashindano ya mashua humo pasipo maji: washindani huingia ndani ya mashua zisizo na sakafu, wakazishika mikononi, wakakimbia kwa miguu yao juu ya mchanga.

Mji wa namna hii hauna kahawa wala pamba ya kupeleka sokoni. Sehemu kubwa ya fedha zinazozunguka humo, mbali na zile za serikali na za wafugaji wa ng'ombe, huletwa na watalii, ambao wengi wao huwa safarini kwenda kuutazama mwamba mkubwa wa Uluru, ulio mwendo wa kilomita 450 hivi kwa barabara. Nao watalii, kama ilivyo desturi ya wasafiri wote, hawapendi kurudi kwao mikono mitupu. Hapo ndipo yanapoanza mambo ambayo katibu wa chama chochote cha wachongaji, wasusi au wafinyanzi atayatambua upesi.

Mgeni apitaye katika Barabara ya Todd, iliyotengwa kwa waendao kwa miguu, huweza kuona katika duka moja bumerangi iliyopakwa nukta za rangi, bei yake nafuu, na karibu yake dijeridu, lile zumari refu la mti ambalo watu wa nje hudhani linapigwa Australia nzima. Katika duka lililo mbele kidogo huona kikapu cha majani ya porini, kimefungwa kwa uzi wa rangi ya udongo, nacho kimetundikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwanamke aliyekisuka na jina la kijiji chake. Vyote viwili huitwa zawadi za jangwani. Lakini bumerangi ile huenda ilitengenezwa ng'ambo ya bahari na mtu asiyewahi kuiona Australia. Tena dijeridu si chombo cha jangwani hata kidogo. Asili yake ni nchi za kaskazini kabisa, na wazee wa jangwa la kati hawakuwa nacho. Kadhalika bumerangi za jangwani hazikuchongwa ili zimrudie mrushaji: zilikuwa silaha za kuwindia, na hupigwa mbili pamoja kuwa ala ya kufuatisha nyimbo. Mnunuzi asiyeyajua haya hana njia ya kupambanua kwa macho. Ndiyo maana mafundi wa nchi hiyo waliona hapana budi wawe na njia nyingine ya kumwonyesha.

Njia hiyo ni kituo cha sanaa. Kituo cha sanaa si duka la mtu binafsi, wala si shule. Ni chombo kinachomilikiwa na wasanii wa kijiji kimoja au vijiji kadhaa, chenye halmashauri iliyochaguliwa na wanachama, mkutano mkuu wa kila mwaka na hesabu zinazokaguliwa. Vingi vyao vimeandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2006 iliyotungwa mahususi kwa vyama vya wenyeji wa asili, na juu yao yuko msajili ambaye kazi yake inafanana na ile ya mrajis wa vyama vya ushirika. Vituo hivyo navyo vimeungana na kuunda chama chao kikuu, kiitwacho Desart, chenye makao yake Alice Springs na vituo wanachama zaidi ya 30 vilivyotawanyika katika majangwa ya kati. Desart haichongi wala haisuki. Huwafundisha watumishi wa vituo, hutetea maslahi ya vituo mbele ya serikali, na hushiriki katika maonyesho makubwa ya kila mwaka yaitwayo Desert Mob, ambayo yamekuwa yakifanyika mjini hapo tangu mwaka 1991. Kwa ufupi, ni vyama vya msingi na chama kikuu, ingawa wao hawatumii maneno hayo.

Kituo kinachojulikana kuliko vyote kina umbo tofauti kidogo, maana kiliandikishwa kama kampuni. Nacho ni Papunya Tula. Papunya ni makazi yaliyo kilomita 240 hivi kaskazini-magharibi ya Alice Springs, ambako serikali ilikuwa imewakusanya watu wa makabila mbalimbali ya jangwani. Mwaka 1971 mwalimu wa shule ya hapo, Geoffrey Bardon, aliwatia moyo wazee kuchora ukutani habari ya chungu wa asali, mmoja wa mababu wa kale ambao, kwa imani yao, waliumba nchi walipokuwa wakisafiri ndani yake. Baada ya ukuta wakaendelea kuchora juu ya vipande vya mbao walivyoviokota, kwa rangi walizozipata. Mwaka 1972 wakaanzisha kampuni yao, nayo hadi leo inamilikiwa na kuongozwa na wenyeji wa asili wa jangwa la magharibi, hasa Wapintupi na Waluritja.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1972 ndio aliofariki Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam, naye pia alianza kwa kupaka rangi za kawaida juu ya mbao za dari. Wanafunzi wake nao walikuja kuunda chama cha ushirika, kilichoandikishwa mwaka 1990, nacho kimepata taabu ileile ya kuigwa. Watu wawili wasiojuana, katika pande mbili za Bahari ya Hindi, waliokota aina ileile ya ubao.

Hata hivyo iko tofauti moja ambayo haina budi kuelezwa, kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi wote juu ya bidhaa za bandia. Michoro ya jangwani si mapambo tu. Duara moja ndani ya jingine huweza kuwa kisima. Mistari huweza kuwa njia waliyopita mababu kutoka kisima hiki hadi kile. Alama ya upinde huweza kuwa mtu aliyeketi. Picha nzima ni habari ya mahali fulani, na habari hiyo ina wenyewe. Mtu huruhusiwa kuchora ile aliyoirithi kwa baba yake, kwa babu yake au kwa upande wa mama yake, kwa kadiri ya mila, na akichora ya mwingine pasipo ruhusa hushtakiwa kwa wazee. Zipo alama ambazo hazitakiwi kabisa kuonekana na wasiohusika, na wachoraji wa miaka ya mwanzo walilaumiwa vikali na jamaa zao kwa kuziweka wazi. Baadaye walizifunika au kuziacha. Kwa hiyo kiwanda cha mbali kinaponakili mchoro kwa maelfu, hasara si ya soko peke yake. Ni kama mtu achukuaye hati ya shamba la ukoo mwingine, akaipiga chapa juu ya vitambaa vya kupangusia vyombo.

Mfano wa jambo hilo ulifika mahakamani. Katika miaka ya 1990 mazulia yaliyofumwa Vietnam yaliingizwa Australia yakiwa na michoro ya wasanii wanane wa asili, akiwamo mmoja wa Papunya Tula, bila wao kuombwa ruhusa. Mwaka 1994 Mahakama ya Shirikisho iliwapa ushindi wasanii, na katika kukadiria fidia ilitambua aibu waliyoipata mbele ya watu wao kwa kuonekana kama kwamba wameuza kisichouzwa. Kesi ya pili ni ya karibu zaidi. Kampuni moja ya jumla iliuza kati ya mwaka 2015 na 2017 vitu zaidi ya 18,000, bumerangi, dijeridu na vinginevyo, vilivyotengenezwa Indonesia, huku maandishi yake yakimfanya mnunuzi aamini kwamba ni kazi ya mikono ya wenyeji wa asili. Mwaka 2019 mahakama iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 2.3 za Australia. Lakini wakati huo ilikuwa imekwisha kuwekwa mikononi mwa mfilisi, na hukumu ya mahakama haiwezi kukamua fedha pasipo na fedha.

Wakatibu wataona kwamba katika kesi hii ya pili kosa halikuwa kutengeneza bumerangi nje ya nchi. Sheria haikukataza jambo hilo. Kosa lilikuwa kumdanganya mnunuzi juu ya asili ya kitu. Muuzaji aandikaye kwa herufi ndogo nchi bidhaa ilikotoka, na asiseme neno jingine, huponyoka. Mwaka 2022 Tume ya Uzalishaji ya serikali ya Australia ilitoa taarifa yake, nayo ilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fedha zilizotumiwa kununulia zawadi zenye sura ya sanaa ya wenyeji zilikwenda kwa vitu ambavyo wenyeji hawakuvitengeneza wala hawakutoa ruhusa vitengenezwe.

Sasa kituo humlindaje mwanachama wake? Silaha yake kubwa si mwanasheria bali ni daftari. Kila kazi inapopokelewa kituoni huandikishwa siku hiyohiyo: jina la msanii, jina la kazi, kipimo, tarehe, habari inayosimuliwa na picha ya kazi yenyewe. Kisha hupewa namba, na namba hiyo huandikwa nyuma ya turubai au hutundikwa kwenye kikapu. Namba za Papunya Tula zina maana: herufi za kwanza ni za majina ya msanii, tarakimu zinazofuata ni za mwaka na mwezi, na za mwisho ni za mfuatano wa kazi. Mtu akinunua picha leo na kuiuza baada ya miaka 30, atakayeinunua huweza kuandika barua kituoni na kuuliza namba hiyo ni ya kazi gani. Kituo hufungua daftari na kumjibu. Cheti anachopewa mnunuzi ni nakala tu ya ukurasa huo wa daftari. Nguvu yake yote hutoka katika ukurasa wenyewe. Karatasi nzuri yenye mhuri wa dhahabu isiyo na daftari nyuma yake haina thamani, na walanguzi wamekwisha kujifunza kuchapisha karatasi nzuri.

Liko jambo la kufundisha katika habari ya alama ya taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianzishwa alama moja ya uhalisi kwa ajili ya sanaa ya wenyeji wa Australia nzima, ili kila kitu halali kibandikwe alama hiyo. Ilitangazwa kwa kishindo, lakini mapema katika miaka ya 2000 ilikuwa imekwisha kufa. Wasanii walioiomba hawakuwa wengi. Masharti yake yalionekana mazito kwa mtu aishiye kijijini mbali na ofisi. Na vituo vingi viliona kwamba jina la kituo chenyewe, linalofahamika kwa wanunuzi, lilikuwa dhamana bora kuliko alama ya jumla. Jina lililojengwa kwa miaka 20 ya kuandika daftari vema haliwezi kushindwa kirahisi na kibandiko kipya. Baadaye, mwaka 2010, ilianza kutumika Kanuni ya Sanaa ya Wenyeji wa Asili, ambayo haibandikwi juu ya bidhaa bali huwafunga wafanyabiashara wanaojiunga nayo: wawatendee wasanii kwa haki, waeleze bei waziwazi, watoe vyeti vya kweli. Kujiunga ni hiari, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kwani mwenye nia mbaya hajiungi.

Nia mbaya haikosekani. Baraza la Senati lilichunguza biashara hiyo na kutoa taarifa mwezi wa Juni 2007, ambamo mliandikwa habari za wachuuzi wanaowafuata wasanii, hasa wazee, wakawaweka katika nyumba za mjini na kuwachorisha kwa malipo duni, pengine kwa gari kuukuu au kwa kufuta deni. Mchoraji mwenye jamaa wengi na shida za kila siku huona fedha taslimu mkononi, akasahau kituo chake. Kila chama kilichopata kuuza zao lolote kinamjua mlanguzi wa namna hiyo, ajaye usiku kabla ya msimu, akatoa nusu ya bei, akaondoka na magunia. Dawa iliyotumika jangwani ni ileile iliyotumika kwingineko: kulipa upesi. Papunya Tula humlipa msanii anapokabidhi kazi yake, bila kungoja iuzwe. Vituo vingine hulipa sehemu kwanza na salio baada ya mauzo, au hulipa baada ya mauzo tu. Desturi ya vituo vingi ni kwamba msanii hupata kiasi cha asilimia 60 ya bei ambayo kituo kimepokea, na asilimia 40 hubaki kituoni kwa rangi, turubai, mafuta ya gari, mishahara na ukarabati. Kazi ikiuzwa kupitia duka la mjini, duka nalo hukata fungu lake kwanza. Mwanachama akijua makato haya tangu mwanzo, manung'uniko hupungua. Asipoelezwa, huona tu bei kubwa iliyoandikwa dukani na fedha kidogo aliyolipwa yeye, na hapo maneno ya mlanguzi humwingia.

Tusidhani kwamba vituo hivyo vyote vinajitegemea. Vingi hupokea ruzuku ya serikali kwa mishahara na majengo, na ruzuku ikichelewa kazi husimama. Aidha, mameneja wengi hutoka nje ya vijiji, wakakaa miaka michache na kuondoka, wakaacha daftari mikononi mwa wageni wengine. Ni jambo ambalo Desart imejitahidi kulirekebisha kwa kuwafunza vijana wa vijijini kazi za ofisi, lakini halijamalizika.

Kwa wanachama walio wasusi, habari ya Tjanpi inafaa kusimuliwa kwa urefu. Tjanpi ni neno la lugha ya jangwani lenye maana ya majani ya porini. Hapo zamani wanawake wa nchi hiyo hawakuwa wakisuka vikapu vya kuviringisha. Walibeba maji na mbegu katika vyano vya mti viitwavyo piti, juu ya kata za kichwani zilizotengenezwa kwa nyuzi za nywele na manyoya. Mwaka 1995 Baraza la Wanawake la makabila matatu ya eneo hilo, Wangaanyatjarra, Wapitjantjatjara na Wayankunytjatjara, lilipanga mafunzo ya kusuka katika kijiji cha Papulankutja, upande wa Australia Magharibi, kwa sababu wanawake walikuwa wakiomba kazi ambayo ingewapa fedha yao wenyewe bila kuwatoa katika nchi yao. Ufundi huo wa kuzungusha fungu la majani na kulishona mzunguko juu ya mzunguko, ambao msusi wa agaseke wa Rwanda angeutambua mara moja, ulienea kijiji hadi kijiji, dada akimfundisha dada. Leo wanawake zaidi ya 400 katika vijiji 26 husuka chini ya jina la Tjanpi, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 350,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya Tanzania.

Eneo hilo lingekuwa kikwazo kikubwa kama wasusi wangetakiwa kuleta vikapu vyao mjini. Badala yake, gari la Tjanpi huenda vijijini likiwa na sindano, nyuzi na rafia, hununua kazi papo hapo, kisha hurudi Alice Springs kuziuza dukani. Kukata majani kwenyewe ni safari: wanawake hutoka pamoja na watoto, huchimba mizizi na kuwinda, huimba, na wazee huwaonyesha vijana visima viliko. Wanachama wenyewe husema kwamba safari hizo ni sehemu ya faida, ingawa haziwezi kuandikwa katika mizania. Wala hawakuishia katika vikapu. Mwaka 2005 wasusi wa Papulankutja walisuka gari zima aina ya Toyota kwa majani, likapata zawadi kuu ya sanaa ya wenyeji kwa nchi nzima. Gari ni chombo ambacho mtu wa jangwani hawezi kuishi bila hicho, na waliosuka walijua walichokuwa wakikisema.

Vitu vingine apatavyo mgeni kwa mafundi wa nchi hiyo ni vya namna nyingi. Maruku, chama cha wachongaji wa karibu na Uluru kilichoanzishwa mwaka 1984, huuza vyano, mijusi na nyoka wa mti waliopambwa kwa kuchoma kwa waya wa moto. Wanawake hutunga shanga za mbegu nyekundu za mti uitwao ininti. Wafinyanzi wa Hermannsburg hutengeneza vyungu vyenye vifuniko vya umbo la ndege na wanyama. Katika kituo cha Yarrenyty Arltere, kilicho ndani ya mji wenyewe, mablanketi makuukuu hupikwa pamoja na majani na mizizi hadi yashike rangi, kisha hushonwa kuwa ndege na watu. Huko Ernabella, ambako kituo kimefanya kazi mfululizo tangu mwaka 1948, wanawake walijifunza batiki mapema katika miaka ya 1970, na mwaka 1975 baadhi yao walisafiri hadi Yogyakarta kuongeza ujuzi. Hao hawakuona haya kuchukua ufundi wa Indonesia. Michoro waliyoiweka juu ya kitambaa ilikuwa yao.

Haki ya mchoro, mbali na kitu chenyewe, ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi. Albert Namatjira, aliyezaliwa Hermannsburg mwaka 1902, alikuwa msanii wa kwanza wa asili kupata sifa katika nchi nzima kwa picha zake za rangi za maji. Mwaka 1957 alitia sahihi mkataba wa kuruhusu kampuni moja kuchapisha picha zake kwa malipo ya asilimia. Alifariki mwaka 1959. Mwaka 1983 ofisi ya serikali iliyosimamia mali za marehemu iliiuzia kampuni hiyo haki zote kwa dola 8,500, bila kuwauliza warithi, na tangu hapo familia haikupata hata senti kwa kila picha ya babu yao iliyochapwa. Ilichukua miaka 34 na kelele nyingi hadi haki hizo ziliporudishwa mwaka 2017 kwa mfuko wa ukoo. Wajukuu na vitukuu vyake wangali wakichora milima ileile kwa rangi za maji, katika kituo kiitwacho Iltja Ntjarra, mjini Alice Springs.

Namna nyingine ya kupotewa na haki ilitokea kwa Johnny Warangkula Tjupurrula, mmoja wa wachoraji wa kwanza wa Papunya. Picha yake ya maji ya mahali paitwapo Kalipinypa iliuzwa mwaka 1972 kwa dola 150. Mwaka 1997 iliuzwa mnadani kwa dola 206,000, na mwaka 2000 kwa dola 486,500. Mchoraji alikuwa hai katika minada yote miwili, mzee na maskini, na hakustahili kupata chochote kwa sheria za wakati huo. Alifariki mwaka 2001. Sheria iliyopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika tarehe 9 Juni 2010 humpa msanii asilimia 5 ya bei kila kazi yake inapouzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi, na haki hiyo huendelea kwa warithi wake miaka 70 baada ya kifo. Lakini ili fedha hiyo imfikie mwenyewe, lazima ijulikane bila shaka nani aliyechora kazi hiyo, na hapo tena linaulizwa daftari.

Imebaki kueleza fedha hizo hufanya nini zikifika kijijini. Nyingi huliwa kama fedha yoyote iliwavyo: chakula, gari, nauli za misiba. Lakini Wapintupi wa Kintore, kilomita zaidi ya 500 magharibi ya Alice Springs, walifanya jambo moja ambalo limekumbukwa. Ugonjwa wa figo umewashika watu wa jangwani kwa wingi, na mgonjwa aliyehitaji kusafishwa damu kwa mashine ilimbidi ahamie mjini, mbali na jamaa na nchi yake, akaishi humo hadi kufa. Mwezi wa Novemba 2000 wachoraji wa Papunya Tula walichora picha kubwa kwa pamoja, zikauzwa mnadani Sydney pamoja na kazi nyingine, na zikapatikana dola zaidi ya milioni moja. Kwa fedha hizo waliunda shirika lao wenyewe, ambalo leo hujulikana kwa jina la Nyumba ya Zambarau, na mwaka 2004 mashine ya kusafisha damu ikaanza kufanya kazi Kintore. Tangu hapo shirika hilo limefungua vituo katika vijiji vingine vingi. Wagonjwa wenyewe, wanapokuwa Alice Springs kwa matibabu, hushiriki katika kutengeneza marhamu ya mitidawa ya porini, nayo hutiwa katika vikopo vidogo na kuuzwa kwa watalii.

Mgeni afikaye mjini mwezi wa Septemba, wakati wa Desert Mob, huweza kuwakuta mafundi wa vituo vingi mahali pamoja, kila kituo na meza yake, kazi ndogondogo zikiwa zimepangwa na wenyewe wameketi nyuma yake. Katika miezi mingine itambidi aulize dukani. Maswali ni machache: nani aliyekitengeneza, anatoka kijiji gani, kimetoka kituo gani, namba yake ni ipi, na msanii hulipwaje. Muuzaji wa kazi halali hujibu bila kuudhika, kwa kuwa majibu yote anayo katika karatasi iliyotundikwa. Mnunuzi anayesafiri na vitu vya mti, mbegu au majani huulizwa pia maswali ya forodha anapofika kwao, na karatasi hiyohiyo, yenye jina la kitu na kilivyotengenezwa, humsaidia huko. Wauzaji wa Alice Springs humshauri asiiondoe kikapuni hata baada ya kufika nyumbani.